Rangi za miamba ya Tanganyika na wanaozichezea

Mkazi wa Bujumbura akitaja samaki wa ziwa, anataja mukeke na ndagala. Wale samaki wadogo wa miambani, wa manjano, weusi, wa buluu, hakuna aliyewapeleka sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye awali alisafirisha samaki wa mto Kongo kutoka Kinshasa, alihamia Burundi na kuanza kuwakamata wakiwa hai. Wapiga mbizi walishuka na nyavu, samaki wakatiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, kisha wakapanda ndege kwenda kuishi katika matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani.

Wataalamu walikuwa wamewajua zamani. Mwaka 1898 George Boulenger, huko London, alimpa mmoja wao jina la Tropheus moorii, kwa heshima ya J. E. S. Moore aliyekuwa amechunguza ziwa hilo. Baadaye Brichard naye akapata wajina wake majini: mwaka 1974 mtaalamu wa samaki Max Poll aliwapa jina la Brichard wale wanaouzwa duniani kama Binti Mfalme wa Burundi, na mwaka uliofuata akaja Tropheus brichardi wa Nyanza-Lac.

Kilichowafanya samaki hawa wawe na thamani ni ziwa lenyewe. Kaskazini, karibu na Bujumbura, mto Rusizi humwaga mchanga na tope. Miamba huanza ukishika njia ya kusini kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac. Tropheus hula mwani unaoota juu ya mawe, na mchanga mpana haukatizi, kwa kuwa hana pa kujificha. Basi kila ukoo ukabaki kwenye miamba yake, vizazi kwa vizazi, ukapata rangi yake. Leo zinajulikana rangi zaidi ya mia moja za Tropheus. Hata yule samaki mkubwa mwenye nundu ya kichwa, Cyphotilapia, wa Burundi ana milia sita, na wa Kigoma, safari fupi tu kusini, ana saba.

Ndani ya tangi mpaka huo wa mchanga haupo. Tropheus wa pwani mbili wakiwekwa pamoja huzaana, na watoto huvaa rangi isiyo ya mwamba wowote. Wengine hawakungoja bahati: walichagua wazazi kwa makusudi, na leo wapo Binti Mfalme albino madukani. Ziwani samaki mweupe hivyo angeonwa na adui mapema sana. Anaishi kwa sababu ya kioo tu.

Je, kuna ubaya? Nyoka wanatusaidia kujibu. Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye makazi yake yanafika mpaka Uganda, ndiye aliyechezewa rangi kuliko nyoka karibu wote. Mwaka 1992 Mmarekani Bob Clark alifanikiwa kuzalisha albino wake. Mwaka 1999 wakaanza kuzalishwa wale wenye michoro kama utando wa buibui, na soko likawapokea kwa shangwe. Lakini vichwa vyao hutikisika, na wengine hujipindua wakashindwa kulenga windo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sikio lao la ndani lina kasoro. Michoro na maradhi hurithiwa pamoja. Huwezi kupata kimoja ukakwepa kingine. Chama cha wafugaji wa reptilia cha Uingereza, International Herpetological Society, kilikuwa kimeshapiga marufuku kuwauza katika maonyesho yake mwaka 2018. Samaki nao wana kisa chao: yule mwekundu aliyechanganywa Taiwan katika miaka ya 1980, ndugu wa mbali wa hawa wetu, ana mdomo usiofunga sawasawa.

Kwangu huo ni ukatili, hata kama anayeufanya anampenda mnyama wake. Samaki albino wa Burundi sitasema anateseka hivyo. Yeye na machotara wa Tropheus wamepotezewa kitu kingine: pwani yao. Ndiyo maana nawaheshimu wafugaji wanaokataa kuchanganya na kumuuza kila samaki kwa jina la mahali alipotoka, ingawa hakuna sheria inayowalazimisha.

Jambo hili linatuhusu hapa kuliko wao. Vilima vyetu vimekatwa miti, na mvua hushusha udongo unaofunika mawe wanakolishia samaki hawa. Mwamba mmoja ukifa, huenda ukoo wake ukabaki katika matangi ya ugenini tu. Tropheus safi wa Nyanza-Lac anaweza kurudishwa nyumbani. Chotara hana pa kurudishwa. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa Bujumbura, ingefaa kuanza daftari la koo hizo, pwani kwa pwani, pamoja na wanaozitunza ng'ambo, wakati majina ya pwani hizo bado yameandikwa kwenye matangi.