Mamba wa Ziwa Victoria

Mamba anayeota jua juu ya mawe huku ameachama hajakasirika. Anapunguza joto mwilini. Wa kuogopwa ni yule usiyemwona. Magugumaji yaliyotapakaa ziwani miaka ya 1990 yamempa maficho, na wachota maji, wengi wao wanawake na watoto, hawaoni kilicho chini ya majani. Huko Buchosa, mkoani Mwanza, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) imejenga kizimba majini ili watu wachote salama. Kila kijiji cha mwambao kinastahili kuwa nacho. Usioge wala kufua penye matete, hasa jioni.