Jino Likiuma, Usikimbilie Kung'oa

Mwaka jana nilikwenda Usenge, kaunti ya Siaya, kutafuta dagaa wa ziwani, ambao wenyeji huwaita omena. Usiku wa pili gego langu liliniuma hadi alfajiri. Nikisukutua kwa ajili ya udhu, baridi ya maji inapanda hadi sikioni. Mzee mmoja pale ufuoni, zinakopakia boti za Mageta, akaniambia, "Ng'oa tu, kijana wangu." Yeye mwenyewe hana meno sita ya chini, kwa Waluo wa zamani, kuyang'oa ilikuwa mila ya kuingia utu uzima.

Sikung'oa. Nilikwenda Kisumu kwa daktari wa meno, na haya ndiyo niliyojifunza.

Ndani ya jino mna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka hadi ncha ya mzizi. Jino likitoboka na vijidudu vikakifikia, kiini huvimba. Kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo sababu ya maumivu yale. Yakikoma ghafla usishangilie. Huenda kiini kimekufa na usaha unajikusanya chini ya mzizi.

Tiba ya mzizi ni hivi: unapigwa ganzi, jino linatobolewa juu, kiini kinatolewa, mifereji inasafishwa kwa visindano vyembamba na dawa ya kuua vijidudu, kisha inajazwa na kuzibwa. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego huwa na mitatu au minne, hivyo huenda ukarudi mara ya pili. Baadaye gego huvishwa kofia lisipasuke.

Kung'oa ni rahisi kwa mfuko, sikatai, na jino lililooza kupita kiasi halina budi kutoka. Lakini pengo nalo lina gharama: meno jirani huinama, na kutafuna huwa taabu. Uliza bei zote mbili kabla ya kuamua.

Karafuu hutuliza, haitibu. Usiweke aspirini kwenye ufizi, itauunguza. Mswaki wa mti ni suna na unasafisha. Ongeza dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, na upunguze sukari kwenye chai. Shavu likivimba ukapata homa, au kumeza na kupumua kukawa kugumu, nenda hospitali saa ile ile.

Gego langu lingali mahali pake, alhamdulillahi.