Neno "Shamba" katika Historia ya Msitu wa Mlima Kenya

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya neno moja katika sera ya misitu ya Kenya, na kuonyesha kwamba neno hilo limeficha jambo ambalo wazee wa Nyeri na jirani zao walikwisha kulitolea ushahidi zamani. Neno lenyewe ni shamba. Msomaji aweza kudhani kuwa neno la kawaida kama hili halina historia ya kutafutwa. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa jina la mpango ambao kwa huo miti ya kupandwa imeoteshwa kandokando ya Mlima Kenya na Nyandarua, na kwa ajili ya mpango huo watu wameingizwa msituni na kutolewa mara kadhaa.

Mpango wa shamba ulianza Kenya mnamo mwaka 1910. Wataalamu wa misitu wa Kiingereza waliuiga kutoka Burma, ambako uliitwa taungya, neno la Kiburma lenye maana ya kilimo cha milimani. Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Mkulima hupewa kipande cha msitu uliokwisha kukatwa, hukilima, hupanda mahindi, maharage au viazi, na katikati ya mazao yake hupandwa miche ya msanduku au msonobari. Mkulima huipalilia miche pamoja na chakula chake. Baada ya miaka mitatu hivi miti hutanda kivuli, mazao hayaoti tena, naye huhama. Idara ya Misitu ilipata vibarua kwa gharama ndogo, na mkulima alipata chakula katika udongo usiochoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika vituo kama Gathiuru, Kabaru, Hombe na Ragati.

Yafaa tujiulize kwa nini jina la Kiburma halikuchukuliwa pamoja na utaratibu wenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, shamba ni kinyume cha mji. Tena ni mali yenye mwenyewe, kama yalivyokuwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, ambamo aghalabu mwenye kulima na mwenye kumiliki walikuwa watu wawili mbalimbali. Neno lilipopanda bara pamoja na misafara, askari na walowezi, lilipoteza sehemu kubwa ya uzito huo, likawa ni mahali popote palimwapo. (Neno mbuga nalo limepata mkasa wa namna hiyo: maana yake ni uwanda wa nyasi, lakini katika Kenya husemwa "mbuga ya taifa" hata kwa mlima wenye urefu wa mita 5,199.) Neno lililopungukiwa hivyo lilimfaa sana karani wa serikali, kwa kuwa halikumlazimu kusema ardhi ni ya nani.

Lugha ya Kigĩkũyũ haikumpa nafasi hiyo. Kwanza ina gĩthaka, yaani ardhi ya ukoo, yenye mipaka na historia ya jinsi ilivyopatikana. Pili ina mũgũnda, yaani sehemu ilimwayo. Tatu, na hili ndilo muhimu kwetu, ina mũhoi: mtu alimaye ardhi isiyo yake kwa idhini ya mwenyewe. Jina hilo latokana na kitenzi kũhoya, kuomba, ambacho ndicho pia kitenzi cha kumwomba Mungu. Mũhoi hakulipa kodi. Kilichomweka pale kilikuwa ni urafiki, na urafiki ulikuwa na desturi zake za kusaidiana. Uhusiano ukiharibika angeweza kuambiwa aondoke, lakini aliyemwambia alikuwa ni mtu anayemfahamu, naye angeweza kumjibu.

Mambo haya hayakuwa siri. Mwaka 1932 Serikali ya Uingereza iliteua Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Sir Morris Carter, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1934 pamoja na vitabu vitatu vya ushahidi. Wazee wengi walisema kwa njia ya wakalimani, na neno gĩthaka limeingia katika vitabu hivyo bila kutafsiriwa, kwa kuwa ilionekana halina tafsiri. Mwaka huohuo wa 1932 msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta aliyaeleza masharti ya mũhoi kwa Kiingereza katika Facing Mount Kenya. Kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa watunga sera walikosa istilahi. Maoni yetu ni kwamba waliiepuka. Kumwita mkulima wa msituni mũhoi kungezaa mara moja swali la pili: je, ameomba kwa nani, na huyo aliyeombwa alipata wapi ardhi hiyo?

Baada ya Uhuru mpango uliendelea kwa jina lilelile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulipigwa marufuku, na familia zilizokuwa zikikaa katika vijiji vya msituni zikaamriwa kutoka. Katika miaka ya 1990 ulirudishwa sehemu fulanifulani, safari hii bila ruhusa ya kukaa msituni.

Ndipo ukaja ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya liliupima msitu kutoka angani. Waliokuwa ndani ya ndege walihesabu zaidi ya miti 6,700 ya mkafuri iliyokatwa kinyume cha sheria. Waliona matanuri ya makaa, mashamba ya bangi ndani ya msitu wa asili, na sehemu kubwa za misitu ya kupandwa ambazo zilikwisha kuvunwa wala hazikupandwa tena, bali zililimwa tu. Ushahidi huo ulikuwa na nguvu, na ulifika mahali pake upesi: mwaka 2000 usimamizi wa msitu uliondolewa mikononi mwa Idara ya Misitu ukakabidhiwa Shirika hilo, na upimaji wa pili wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa ukataji haramu umepungua sana. Hatuna budi kukiri kwamba bila ndege ile pengine leo tungekuwa tunaandika historia ya msitu uliokwisha.

Hata hivyo ndege huona kipande kisichopandwa. Haioni ni nani aliyeshindwa kuleta miche. Mkulima aliyepalilia miche kwa uaminifu na mwenye cheo aliyejigawia ekari nyingi wote waliandikwa chini ya neno moja, nao wote walifungiwa mlango wakati mpango ulipopigwa marufuku tena mwaka 2003.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya angani haiwezi kulitoa. Katika mpango wa shamba, mche ukistawi, mkulima ameondolewa. Kila unyoya wa kijani unaoongezeka juu ya mche wa msanduku humpunguzia mlezi wake msimu mmoja wa viazi. Si ajabu basi kwamba miche mingine ilikatwa mizizi kwa jembe ikasemekana imekauka. Mũhoi hakuwekwa katika hali hiyo, maana muda wake haukupimwa kwa kivuli cha mti aliopewa kuulea.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilivipa nafasi vyama vya jamii za msituni, na mpango ukarudi kwa jina refu la Kiingereza linalofupishwa kuwa PELIS. Neno shamba halimo katika jina hilo. Limebaki vinywani mwa watu. Mwaka 2022 Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu wa Rais wakati huo na kabla ya hapo mbunge wa Mathira, aliposema hadharani kuwa mpango wa shamba urudi, mabishano yalizuka nchi nzima kana kwamba haukuwa ukiendelea. Upande mmoja ulisikia chakula, upande wa pili ukasikia misumeno ya 1999.

Waliokuwa watu wazima katika vijiji vya msituni vilipovunjwa sasa ni wazee, na ushahidi wao, tofauti na ule wa 1934, haujawekwa pamoja katika vitabu ambavyo mtunga sera aweza kuvifungua. Kazi ya kuukusanya ni ya idara kama zetu, kwa sababu lililo muhimu ndani yake ni maneno yenyewe. Swali la kwanza la kuwauliza ni dogo: jioni, walipokuwa nyumbani wakizungumza kwa lugha yao, kipande kile walikiita nini, na mtu aliyewapa walimwita nani?