Sindano ya bibi

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na imani na kidonge. Ukirudi hospitali na bahasha ya dawa tu, anakuuliza: "Yaani hawakukuchoma hata sindano moja?" Nilikuwa namcheka. Sasa simcheki tena, maana historia ilikuwa upande wake.

Miaka ya 1920 madaktari wa serikali ya kikoloni, Tanganyika na Kenya, walichoma watu sindano za buba: dawa zenye aseniki, na baadaye bismathi. Buba ilikuwa ikitafuna ngozi na mifupa ya watoto. Vidonda vikakauka haraka, na watu waliokuwa wakimkwepa daktari wa kizungu wakapanga foleni wenyewe. Kuanzia 1952 WHO na UNICEF wakaleta kampeni ya penisilini: sindano moja, basi. Kufikia 1964 watu wapatao milioni 50 katika nchi 46 walikuwa wametibiwa. Mtu aliyeyaona hayo utamwambia nini kuhusu kidonge?

Buba ikapungua, imani ikabaki. Sindano ikawa ya mafua, ya uchovu, ya homa yoyote. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2000 pekee, duniani, sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini B, na 260,000 VVU.

Mwaka jana nililazwa kwa malaria kali. Nikachomwa artesunate: ya kwanza, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24. Sawa kabisa, utafiti wa Asia wa 2005 ulionyesha inapunguza vifo kwa kama theluthi moja ukilinganisha na kwinini. Kisha akaja mfamasia, dada mpole mwenye faili mkononi.

"Kaka, unakula?"

"Nakula."

"Unatapika?"

"Hapana."

Akazungumza na daktari, sindano zikaishia hapo, nikapewa ALu ya siku tatu. Nakiri, mimi na digrii yangu nilihisi nimepunjwa! Akanieleza taratibu: sindano ni ya asiyeweza kumeza. Artesunate huua vimelea upesi lakini haikai mwilini, kwa hiyo nisipomaliza vidonge malaria itarudi. Na kila tundu la ziada ni mlango wa vijidudu.

Mzee wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza. Akajifunika shuka: yeye anataka sindano yake. Dada akavuta kiti, akaanza upya. "Shikamoo babu. Leo umekula nini?"