Zima Redio, Biti Iache

Mwaka 2002 Dead Prez walitoa kazi ambayo jaladani haikubeba jina lao kamili. Iliandikwa DPZ, halafu ikafuata amri: Turn Off the Radio, zima redio. Ilikuwa mixtape, haikupitia kwenye lebo kubwa iliyokuwa na mkataba nao, na baadhi ya ngoma zake zilichanwa juu ya biti za watu wengine, tena biti ambazo redio hiyohiyo ilikuwa inazipiga kutwa nzima. Mwaka mmoja kabla, Aaliyah alitoa "We Need a Resolution", akafariki miezi michache baadaye. Jamaa wakauchukua ule mdundo wakabadilisha neno moja tu. Suluhu ikawa mapinduzi.

Sasa hapo ndipo ninaposhikwa kila nikiisikiliza. Unamwambiaje mtu azime redio kwa kutumia mdundo alioupendea redioni?

Turudi nyuma kidogo. M-1 na stic.man walikutana Tallahassee, Florida, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mji wenye chuo kikuu cha kihistoria cha watu weusi, Florida A&M. M-1 alijiunga na harakati zinazoitwa Uhuru. Ndiyo, Uhuru, neno letu, likitamkwa na vijana wa Florida ambao wengi wao hawakuwahi kufika huku. Albamu yao ya kwanza, Let's Get Free ya mwaka 2000, inafunguliwa na hotuba ya kiongozi wa harakati hizo, Omali Yeshitela, anayezungumzia mbwa mwitu wanavyonaswa. Humo ndimo ulimo wimbo "Hip Hop", wenye besi inayotetemesha vioo. Hata asiyejua siasa zao aliijua besi ile.

Lakini redio za biashara hazikuwa na nafasi kubwa kwa watu wa aina hiyo, na sababu haikuwa ladha peke yake. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya mawasiliano iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa vituo 40. Miaka michache baadaye kampuni moja, Clear Channel, ilikuwa na vituo takriban 1,200. Fikiria maana yake kwa msanii wa mji mdogo: yule mtangazaji aliyekuwa anapokea CD mlangoni na kuijaribu usiku, mamlaka yake yamehamia makao makuu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndani ya kampuni hiyo ilizunguka orodha ya nyimbo zaidi ya 150 ambazo vituo vilishauriwa kuzifikiria mara mbili kabla ya kuzipiga. Rage Against the Machine waliingizwa nyimbo zao zote. Kampuni ilisema si marufuku. Sawa, lakini mwenye kituo akikuambia ufikirie mara mbili, wewe mwajiriwa utafikiria mara ngapi?

Ndani ya hali hiyo ya hewa Dead Prez wakaweka kwenye mixtape wimbo "Know Your Enemy", unaomsimamisha rais wao pembeni ya Bin Laden na kumwuliza msikilizaji adui wake hasa ni nani. Siamini kuna kituo cha biashara ambacho kingeupiga. Kwa hiyo amri ya jaladani haikuwa mbwembwe. Walikuwa wanazima redio ambayo tayari ilikuwa imewazima wao.

Mixtape iliwafaa kwa sababu ilikuwa njia ya panya. Unachukua biti inayojulikana, huombi ruhusa, unachoma CD, inauzwa mkono kwa mkono. Lebo zilifumba macho kwa kuwa zilifaidika pia, hadi Januari 2007 polisi walipovamia studio ya DJ Drama kule Atlanta na kuondoka na CD zaidi ya 80,000.

Na hapa kuna jambo ambalo mashabiki wa Dead Prez, mimi nikiwemo, huwa hatupendi kulisema. Mwaka huohuo wa 2002, 50 Cent, aliyekuwa ametemwa na Columbia baada ya kupigwa risasi, alitoa mixtape yake, 50 Cent Is the Future. Mbinu ileile, biti za watu zilezile, njia ya panya ileile. Februari 2003 albamu yake iliuza nakala zaidi ya 870,000 katika siku zake za kwanza sokoni. Dead Prez wakajibu mwaka huohuo kwa mixtape ya pili, wakaipindua albamu yake kwa jina: Get Free or Die Tryin'. Utani mzuri. Ila utani unafanya kazi pale tu msikilizaji anapomjua 50 Cent. Kila tusi kwa redio lilihitaji redio iwe imefanya kazi yake kwanza.

Wahakiki waliipokea vizuri ile ya kwanza, na wanafunzi na wanaharakati wakaishika kama katiba. Lengo lilikuwa dogo wa mtaani anayeshinda na redio, na huyo sina hakika kama ilimfikia. Mwaka 2004 walipotoa RBG kupitia Columbia, lebo ileile iliyomtema 50, Jay-Z alikuwemo kwenye rimiksi ya "Hell Yeah". Waliowaita wasaliti walikuwa wengi. Mimi siwaiti hivyo. Ukitaka kuongea na abiria, wakati mwingine inabidi upande basi.

Huku kwetu walisikika bila redio kabisa. Kwenye filamu ya Michael Wanguhu, Ni Wakati, jina linalofanana na la albamu ya Kalamashaka, M-1 anakuja Afrika Mashariki na kukaa na Ukoo Flani Mau Mau. Na mwaka 2011, Sugu, akiwa tayari mbunge wa Mbeya Mjini, pamoja na wenzake wa Vinega walitoa Anti-Virus, mixtape iliyoielekeza mishale yake kwenye nguvu ya redio juu ya wasanii. Tuliokuwa vyuoni tuliigawana kwa flashi, na ubishi ulikuwa uleule: hasira ya haki, lakini nani ataisikia zaidi yetu sisi?

Nakala yangu ya DPZ niliipata chuoni, CD iliyochomwa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Sikuwa namjua Aaliyah. Albamu yake ile haikuingia kwenye huduma za muziki mtandaoni hadi 2021, hivyo kwa miaka mingi kwangu mdundo ule ulikuwa wa Dead Prez, basi. Siku moja nikiwa kwenye daladala, nimesimama, redio ya dereva ikaupiga. Nikatega sikio kusubiri neno "mapinduzi". Akaimba dada mmoja kwa sauti ya upole, na neno halikuja.