Jina na Lebo: Ann Lowe na Nafasi ya Mbunifu Mweusi katika Biashara ya Mavazi ya Marekani, 1898–1981

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha na kazi ya Ann Lowe, mbunifu wa mavazi Mmarekani Mweusi aliyewashonea wanawake wa familia tajiri za nchi yake kwa zaidi ya nusu karne, huku umma ukiwa haulijui jina lake. Maelezo yaliyozoeleka huutazama ukimya huo kama usahaulifu uliotokana na ubaguzi wa rangi. Makala inakubali kwamba ubaguzi ndio msingi, lakini inadai kuwa maelezo hayo hayatoshi mpaka ionyeshwe njia ambayo ubaguzi huo ulipitia. Njia yenyewe ilikuwa biashara: lebo iliyobeba jina la duka, bei iliyokuwa chini ya gharama, na uhusiano wa mteja na mshonaji uliomnyima mshonaji nguvu ya kudai haki yake.

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Septemba 1953, Jacqueline Bouvier aliolewa na Seneta John F. Kennedy mjini Newport, katika jimbo la Rhode Island. Gauni alilovaa bibi harusi huyo limebaki kuwa miongoni mwa mavazi mashuhuri katika historia ya Marekani. Gazeti la New York Times lilieleza gauni hilo katika habari yake ya harusi, lakini halikumtaja aliyelibuni. Huyo alikuwa Ann Lowe, mwanamke Mweusi kutoka Alabama, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo kwa takriban miaka arubaini.

Tukio hilo limekuwa mlango ambao waandishi wengi hupitia kuingia katika maisha ya Lowe. Udhaifu wa kufanya hivyo ni kwamba maisha yote hupimwa kwa gauni moja, na ukimya wa gazeti moja huonekana kuwa ndio tatizo zima. Hoja ya makala hii ni kwamba mwaka 1953 haukuwa chanzo cha kufichwa kwa Lowe. Mazingira yaliyomficha yalikuwa yamejengwa miaka mingi kabla, na yaliendelea kumgharimu miaka mingi baadaye.

Ni vema kutaja mapema hali ya ushahidi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha yake inatokana na mahojiano aliyoyatoa katika miaka ya 1960, alipokuwa mtu mzima mwenye madeni, anayetafuta kutambuliwa. Ushahidi huo haupaswi kukataliwa kwa sababu hiyo, bali usomwe kama kauli ya mtu anayejitetea. Kando yake yapo mavazi yenyewe yaliyohifadhiwa katika makumbusho, ambayo yanatoa ushahidi wa aina nyingine.

2.0 Usuli: Sindano Iliyorithiwa

Lowe alizaliwa mwaka 1898 huko Clayton, Alabama, na kukulia mjini Montgomery. Bibi yake, Georgia, alizaliwa utumwani na alikuwa mshonaji. Uhuru wake ulinunuliwa na mumewe, seremala aliyekuwa huru, muda mfupi kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Baada ya vita, bibi huyo na bintiye Janey walifanya kazi ya kuwashonea wanawake wa tabaka la juu la Wazungu wa Montgomery. Kwa hiyo, ustadi uliokuwa mali ya bwana wakati wa utumwa uligeuka kuwa njia ya kujitegemea ya familia, ingawa wateja walibaki kuwa wa tabaka lilelile.

Historia hiyo haikuwa ya familia moja tu. Elizabeth Keckley, aliyezaliwa mtumwa na kujinunulia uhuru mwaka 1855 kwa msaada wa wateja wake, baadaye alikuwa mshonaji wa Mary Lincoln, mke wa Rais. Katika jamii iliyowafungia Weusi milango mingi, ushonaji uliwawezesha wanawake kuingia katika vyumba vya ndani vya wenye mamlaka. Waliingia, hata hivyo, kama wahudumu. Ukaribu huo wa kimwili, wa kumpima mteja kifua na kiuno, uliambatana na umbali wa kijamii ambao haukuruhusiwa kuvukwa.

Lowe alianza kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki sakafuni, akivitengenezea maua. Maua ya kitambaa yalikuja kuwa alama ya kazi yake maishani mwote. Mama yake alipofariki mwaka 1914, aliacha magauni manne ambayo hayajakamilika, yaliyoagizwa na mke wa gavana wa Alabama. Binti huyo, angali kijana, aliyakamilisha mwenyewe.

3.0 Kutoka Montgomery hadi Tampa

Muda mfupi baadaye, mwanamke tajiri wa Tampa, Florida, alivutiwa na nguo alizovaa Lowe, ambazo alikuwa amezishona mwenyewe, akamwita kwenda kuwashonea mabinti zake nguo za harusi. Mwaka 1917 Lowe alikwenda New York kusoma katika shule ya ubunifu ya S. T. Taylor. Kwa maelezo yake, mkuu wa shule hakuwa amejua kwamba mwanafunzi huyo ni Mweusi, na wanafunzi Wazungu walikataa kukaa naye. Alitengwa katika chumba cha peke yake. Papo hapo, kazi zake zilipelekwa darasani kuwa mfano wa kuigwa. Alimaliza masomo kabla ya muda wa kawaida.

Kisa hicho kinastahili kuzingatiwa kwa sababu kinaonyesha, mapema kabisa, kanuni iliyotawala maisha yake ya kazi: kitambaa kiliruhusiwa kuvuka mstari wa rangi, lakini mikono iliyokishona haikuruhusiwa. Shule haikuona mgongano wowote kati ya kuisifu kazi na kumfungia nje mwenye kazi.

Aliporudi Tampa alifungua duka lake, akaajiri na kuwafunza wanawake Weusi wenzake, na akawa mshonaji anayetafutwa kwa magauni ya tamasha la kila mwaka la Gasparilla. Hapo Tampa jina lake lilijulikana. Mteja alifika dukani kwake, akamwona, akamlipa. Mwaka 1928 alihamia New York akiwa na akiba ambayo mwenyewe aliitaja kuwa dola 20,000. Kupanda daraja huko, kwa namna isiyotarajiwa, ndiko kulikompotezea jina.

4.0 Lebo ya Mwingine

Mdororo mkuu wa uchumi ulianza mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1930 na 1940 Lowe alifanya kazi kwa kulipwa na maduka na nyumba nyingine za mavazi, zikiwamo Henri Bendel na Chez Sonia. Vazi lilitoka mikononi mwake, likashonewa lebo ya duka. Mfano ulio maarufu ni wa mwaka 1947, mwigizaji Olivia de Havilland alipopokea tuzo ya Oscar akiwa amevaa gauni la Lowe lililochorwa maua kwa mkono. Lebo ya gauni hilo ilikuwa na jina la Sonia Rosenberg.

Hapa mtafiti anapaswa kujihadhari. Kufichwa nyuma ya lebo ya mwajiri hakukuwa jambo la Weusi peke yao. Wabunifu wengi Wazungu wa Marekani wa wakati huo walifanya kazi kwa namna hiyohiyo. Norman Norell alibuni mavazi kwa miaka mingi chini ya lebo ya Hattie Carnegie. Anayedai kwamba kukosa jina kwenye lebo ni ushahidi wa moja kwa moja wa ubaguzi atapingwa kwa urahisi na mifano kama hiyo.

Lakini kisa cha Norell, kikifuatwa hadi mwisho, kinaitia nguvu hoja badala ya kuidhoofisha. Mwaka 1941 mtengenezaji wa mavazi Anthony Traina alimpa chaguo: mshahara mkubwa bila jina, au mshahara mdogo pamoja na jina lake kwenye lebo. Norell alichagua jina, na lebo ya Traina-Norell ikamfanya mashuhuri. Kisa hiki kinaonyesha kwamba jina lilikuwa na bei, na kwamba baadhi ya wabunifu waliwekewa bei hiyo mezani. Maelezo ya maisha ya Lowe yanayojulikana hayaonyeshi toleo la aina hiyo katika miaka yake ya kufanyia kazi maduka. Kwa hiyo, ubaguzi haukuonekana katika kuanza bila jina, jambo lililokuwa la kawaida, bali katika kukosa njia ya kutoka. Njia pekee aliyobakiwa nayo ilikuwa kuanzisha biashara yake mwenyewe, kwa mtaji wake mwenyewe. Alifanya hivyo mwaka 1950, akishirikiana na mwanawe, Arthur Lee Cone.

5.0 Gauni la 1953 na Suala la Bei

Janet Auchincloss, mama wa bibi harusi, alikuwa mteja wa zamani wa Lowe. Kazi aliyompa ilikuwa kubwa: gauni la bibi harusi pamoja na ya wasindikizaji. Gauni la bibi harusi lilihitaji takriban yadi 50 za hariri ya tafeta yenye rangi ya pembe ya ndovu, na sketi yake pana ilipambwa kwa mikunjo iliyopangwa kwa duara. Siku kumi hivi kabla ya harusi, maji yalifurika katika chumba cha kushonea na kuharibu magauni 10 kati ya 15, likiwamo la bibi harusi. Lowe alinunua vitambaa upya na kuyashona tena na wasaidizi wake katika muda uliosalia. Familia haikuambiwa. Badala ya faida ya dola 700 aliyoitarajia, alipata hasara ya dola 2,200.

Alipoyapeleka magauni Newport, kwa maelezo yake, alielekezwa kupita mlango wa nyuma wa watumishi. Alijibu kwamba akinyimwa mlango wa mbele, magauni yatarudi New York. Akapitishwa mbele.

Matukio haya mawili kwa kawaida husimuliwa pamoja kama ushahidi wa ujasiri. Yakisomwa kwa makini, yanapingana. Mlangoni, Lowe alitambua kwamba siku ile nguvu ilikuwa upande wake, akaitumia. Katika suala la fedha hakufanya hivyo. Alibeba hasara yote kimya, kwa kuwa kuitaja kungemfanya aonekane mshonaji asiyeaminika, na mwanamke Mweusi mwenye wateja wa tabaka lile asingepewa nafasi ya pili. Heshima aliweza kuidai. Malipo yanayolingana na kazi hakuweza.

Hali hiyo haikuwa ya mara moja. Mwanawe, aliyekuwa akitunza hesabu za biashara, alifariki katika ajali ya gari mwaka 1958. Mwaka 1960 Lowe aliingia katika duka la Saks Fifth Avenue kama mbunifu wa magauni ya mabinti wanaotambulishwa kwa jamii ya matajiri. Mpango huo ulimpa hadhi, lakini gharama za vitambaa na wafanyakazi zilikuwa juu yake. Baadaye alieleza kwamba alitambua akiwa amechelewa kuwa gauni alilolipwa dola 300 lilimgharimu kama dola 450. Kufikia mwaka 1962 alikuwa akidaiwa kodi ya zaidi ya dola 12,000, akapoteza duka lake. Katika kipindi hichohicho jicho lake la kulia liliondolewa kwa ugonjwa wa glakoma. Deni la kodi lililipwa na mtu asiyejitaja. Lowe mwenyewe aliamini kuwa ni Jacqueline Kennedy.

Wapo wanaoona hapa udhaifu wa mtu mmoja asiyejua hesabu. Maoni hayo yana ukweli kiasi, kwani Lowe alikiri kwamba alipenda ubora kuliko faida. Lakini yanasahau kwamba wateja wake, waliojua vema bei za magauni ya Paris, walinufaika na udhaifu huo kwa miaka mingi bila kuusahihisha. Bei ndogo iliendana na jina lisilotajwa: kisicho na jina hakiwezi kudai bei ya jina.

6.0 Mshonaji au Mbunifu

Mwaka 1961 jarida la Ladies' Home Journal lilichapisha makala iliyodokeza kwamba gauni la harusi la mke wa Rais lilikuwa kazi ya mshonaji mwanamke wa rangi, wala si la nyumba kubwa ya mitindo. Lowe hakutajwa. Tarehe 5 Aprili 1961 alimwandikia Jacqueline Kennedy barua kueleza jinsi maneno hayo yalivyomuumiza, na kuomba kwamba akitajwa, aitwe mbunifu mashuhuri Mweusi.

Ombi hilo ni la kutazamwa kwa uangalifu. Lowe hakuomba rangi yake ifichwe, aliitaka itajwe. Alichokataa ni neno mshonaji likiwa limewekwa badala ya mbunifu. Katika Kiswahili, neno fundi hukusanya maana zote mbili, mikono inayotenda na akili inayopanga, bila kumshusha mtu. Katika biashara ya mavazi ya Marekani maneno mawili hayo yaliwagawa watu: mbunifu alikuwa na jina, mshonaji alikuwa na mteja. Lowe alikuwa na wote wawili ndani yake, lakini jarida lilimpa lile la chini tu.

Miaka iliyofuata ilimletea sehemu ya alichokidai. Majarida ya Saturday Evening Post na Ebony yaliandika habari zake, alionekana katika televisheni, na mwaka 1968 alifungua duka lenye jina lake katika barabara ya Madison. Alistaafu mwaka 1972 macho yakiwa yamedhoofika sana, akafariki mjini New York tarehe 25 Februari 1981.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kufichwa kwa Ann Lowe kulikuwa na utaratibu. Desturi ya lebo iliwafunika wengi, lakini mlango wa kutoka haukuwa wazi kwa wote. Bei ya chini iliwafaidi wateja na kumzuia kujenga mtaji ambao ungelilinda jina. Neno moja katika jarida lilitosha kumrudisha katika daraja la mtumishi. Mwaka 2023 makumbusho ya Winterthur, Delaware, yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na kwa ajili yake gauni la 1953 lilishonwa nakala kwa kuchunguza lile la asili. Uchunguzi wa namna hiyo unafaa kupewa nafasi kubwa zaidi na watafiti wa historia ya Wamarekani Weusi. Pale ambapo magazeti hayakuandika jina na hesabu za biashara hazikutunzwa vema, mshono, bitana na ua la kitambaa hubaki kuwa hati zinazoweza kusomwa.