Kumi, Mara Tatu

Ingia jimu yoyote ya mtaani, iwe Sinza au Eastleigh, utasikia mtu akihesabu: moja, mbili, tatu, hadi kumi. Anaweka chuma chini, anavuta pumzi, anarudia. Raundi tatu. Muulize kwa nini kumi, na kwa nini tatu, atakwambia ndivyo alivyofundishwa. Basi hesabu hiyo ina historia, na haikuenezwa kwanza na watu wenye vifua vipana. Ilitoka kwa wagonjwa.

Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, majeruhi wa Marekani walijazana Gardiner General Hospital, hoteli ya zamani mjini Chicago iliyogeuzwa kuwa hospitali ya jeshi. Wengine walikuwa wamepasuliwa magoti, wengine wamevunjika mapaja. Mfupa uliunga vizuri tu, lakini mguu ulitoka kwenye plasta umesinyaa kama fimbo. Tiba iliyozoeleka ilikuwa ya upole: pumzika sana, kisha nyanyua kitu chepesi mara nyingi. Miezi ikapita, vitanda havikupungua.

Hapo alikuwepo daktari kijana, Thomas DeLorme. Ujanani alikuwa amelazwa kitandani na homa ya baridi yabisi, na baada ya kupona akajijenga kwa kunyanyua vyuma. Alijua kwa mwili wake mwenyewe kwamba msuli haupati nguvu kwa kubembelezwa. Akawafunga askari kiatu cha chuma kinachoongezewa vipande vya uzito, akawakalisha ukingoni mwa meza, akawaambia wanyooshe goti.

Mwaka 1945 alichapisha njia yake. Mgonjwa alitafutiwa uzito anaoweza kuunyanyua mara 10 tu, ya 11 imshinde. Alifanya raundi 7 hadi 10. Mwaka 1948, akiandika pamoja na Arthur Watkins, DeLorme alipunguza: raundi tatu zinatosha. Ya kwanza kwa nusu ya uzito ule, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Nguvu zikiongezeka, kipimo kinapigwa upya.

Sisi wapenzi wa maneno tutazame jambo moja dogo. Makala ya 1945 iliyaita mazoezi ya uzito mkubwa. Ile ya 1948 iliyaita mazoezi ya uzito unaoongezeka hatua kwa hatua. Goti lilikuwa lilelile na chuma kilekile, ila jina la kwanza lilieleza mzigo, na la pili likaeleza safari ya mtu anayeubeba. Kilo tano zinazomtoa mtu jasho leo, mwezi ujao huenda zikawa mchezo. Kiswahili nacho kina hoja hiyo ndani ya neno lenyewe: zoezi limezaliwa na kuzoea. Na ukishazoea, unahitaji kitu kipya cha kuzoea.

Bahati mbaya, hesabu ilisafiri mbali kuliko maana yake. Jimu wengi wananyanyua uzito uleule raundi zote tatu, mwaka mzima. Na nyumbani, aliyevunjika mguu bado anapokewa kwa pole nyingi na kukatazwa hata kujichotea maji. Anayepewa karatasi ya mazoezi anayafanya vilevile wiki hadi wiki, maumivu yakiisha anaiacha. Kumbe maumivu kuisha na nguvu kurudi ni mambo mawili. Paja lililosinyaa haliumi, lakini linaweza kukuangusha kwenye ngazi ya daladala.

Kwa hiyo ukiwa na karatasi ya namna hiyo mkononi, muulize mtaalamu wako wa fiziotherapia swali moja kabla hujatoka mlangoni: zoezi hili likishakuwa jepesi, tunaongeza nini?